Samaki Wako na Chumvi Niliyozidisha

Kansanga, Kampala
12 Februari 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Muhamadi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kwamba umeshazoea gereji mpya. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Abdul-Karim bado analinda benki zamu ya mchana, nami nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi.

Samaki wako wa baharini uliyeniachia naye hajambo. Tangi lake nimelisogeza karibu na cherehani. Nikianza kushona anatoka kwenye mawe yake, anakuja kwenye kioo kunitazama. Rangi yake ya chungwa imekolea, na ile mistari myeupe inang'aa. Wateja wakija kupimwa nguo husahau walichofuata.

Sasa kaka, kaa chini. Kuna jambo nimeshindwa kulisema kwenye simu, ndiyo maana nimempa barua hii Odur, dereva anayeleta mizigo huko.

Novemba samaki wako nusura afe. Niliona maji yanapungua kila wiki, nikawa naongeza mengine yenye chumvi, kama ulivyonionyesha siku ya kubadilisha maji. Asubuhi moja nikamkuta amelala ubavu, anahema kwa shida, chakula hataki. Nilimwita Odyek, mteja wangu anayefundisha mambo ya samaki Chuo Kikuu cha Kyambogo. Alitia kipimo cha chumvi majini, akakunja uso, akaniuliza, "Mama, huyu unamfuga au unamkausha?" Akanieleza kwamba maji yakipotea hewani chumvi hubaki, kwa hiyo ya kujazia hayatiwi chumvi. Siku tatu tuliipunguza kidogo kidogo kwa maji yaliyochujwa, maana kubadilisha ghafla kungemmaliza. Siku ya nne alikula. Nilikaa sakafuni nikalia, mimi niliyempokea kwa shingo upande.

Picha nilizokutumia wakati ule zote nilizipiga wiki ya kwanza uliponiachia. Uliposema amenenepa, niliona aibu nikakata simu, nikasingizia mtandao. Nisamehe.

Nina ombi pia. Najua unakuja Juni kumchukua. Kaka, niachie. Ukikataa nitamfungasha kwa mikono yangu mwenyewe, lakini njoo nikiwa sokoni.

Msalimie sana wifi Jalia na watoto. Abdul-Karim anakusalimu. Hajui lolote kuhusu ombi hili, ila jana nilimkuta ameinama kwenye kioo, anamsimulia samaki habari za kazini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Sumayiya