Mbwa Aliyeoshwa Mara Saba

Muyeye, Malindi
Masika

Kwa dada yangu Mwende,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe na ukoo wetu wote, walioko nyumbani na waliotawanyika, kwamba kuanzia Jumapili ya juma lililopita ndugu yenu ni mlezi wa mbwa. Makofi yasubiri kwanza. Hamjambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mvua imefika huko Kitui, au bado mnaitazama ikipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima, ila nanuka mbwa.

Unamjua yule mama wa Kizungu ninayemtunzia bustani kule ufukweni. Amekwenda kwao kumwona mjukuu, na nyumba yake inaezuliwa makuti iezekwe upya. Akaniachia mbwa wake, Bruno. "Nikirudi nikimkuta mzima," akaniambia, "na kazi yako utaikuta nzima." Basi nikaja naye Muyeye, kwenye chumba nilichopanga uani kwa Bi Zuhura.

Dada, usimfikirie Simba, mbwa wetu wa kuchunga mbuzi. Huyu anaingia kikapuni. Mama yake ni teria, wale mbwa wadogo wa Kizungu wanaofukua wanyama mashimoni. Baba yake hajulikani, ila hapa mtaani wanamshuku mbwa mmoja wa buchani. Kwa mama amerithi ndevu na kiburi, kwa baba miguu mifupi na tamaa ya mifupa. Nywele zake ni ngumu kama ufagio wa chelewa, na zisipochanwa kila siku hujisokota. Kupe wa pwani wanampenda mno, kwa hiyo kila jioni namkagua masikioni na katikati ya vidole. Matembezi ni asubuhi na magharibi, maana mchana mchanga unachoma nyayo. Asipochoka anajitafutia kazi, na kazi anayoijua ni kuchimba. Ukimkemea, anakutazama kama karani wa serikali: amesikia, lakini hajaamua. Ila mpe kipande cha samaki na neno zuri, uone akili! Jambo la leo kesho huna haja ya kulirudia. Kuoga ni mara chache sana, sabuni ikizidi ngozi hukauka akaanza kujikuna. Hilo la kuoga liweke moyoni.

Bi Zuhura ni mtu mzima, hupika mahamri na mbaazi za kuuza. Alipomwona Bruno alivuta leso hadi puani.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Na huyo?"

"Ni mgeni wangu."

"Mgeni ana mkia? Mwanangu, mimi hapa naswali, na hapa napika chakula cha watu. Ijumaa nisimkute. Na kama humwachi, tokeni nyote wawili."

Nikimwacha sina kazi, nisipomwacha sina chumba. Nikawa nazunguka mtaani nikiuliza vyumba, na kila nyumba wanamtazama Bruno kwanza ndipo wanijibu mimi.

Alhamisi asubuhi mambo yakazidi kuharibika. Bruno aliramba sufuria ya mbaazi. Bi Zuhura akapiga ukelele, majirani wakachungulia. "Najisi! Osha mara saba, na moja iwe kwa udongo!" Akaingia ndani akabamiza mlango.

Wajua sisi kwetu, mbwa akiramba chungu tunamtupia jiwe, tunaendelea na maisha. Mimi nikaona mlango wa rehema umefunguka: kumbe mbwa husafishwa akakubalika! Nikamkamata Bruno, nikampaka udongo kichwa hadi mkia, nikaanza. Maji, sabuni, maji tena. Onyo la ngozi nililikumbuka, lakini nikaona afadhali yeye ajikune kuliko sote tulale nje. Bi Zuhura akatoka.

"Wafanya nini, mwana wa bara?"

"Nimefika ya tano, Bi Zuhura. Bado mbili."

"Sufuria! Nimesema sufuria! Mbwa hata umwoshe mara sabini atatoka mbwa!" Kisha akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akacheka hata leso ikamwanguka. "Jamani, njooni mumwone Mkamba amtawadhisha mbwa!"

Sufuria niliiosha kama ipasavyo, ua mzima ukinihesabia kwa sauti. Bruno naye, maji yakimchuruzika, mara akasimama tuli. Sikio moja juu, mkia umekaza. Akajipenyeza stoo, chini ya magunia ya unga yaliyotobolewa na panya tangu mwaka jana. Akatoka na panya mkubwa mdomoni, akamtikisa mara moja, akamlaza chini, akarudi kufuata mwingine. Dada, sijapata kuona ustadi wa namna ile! Habweki, hajivuni, hapotezi hatua. Paka wa Bi Zuhura alikuwa ukutani akitazama, kama mtu anayesikia kazi yake ikitangazwa redioni.

Bi Zuhura aliwatazama wale panya, akamtazama mbwa.

"Mbwa ni najisi," akasema polepole. "Lakini panya naye, nani alimwita?"

Akatoa masharti: vyombo asiguse, kizingiti cha jikoni asivuke, alale kwenye kasha mlangoni pangu.

"Na mimi, Bi Zuhura?"

"Wewe kaa, umwangalie. Ila usimwoshe tena."

Ijumaa ikapita, tupo. Jana Bi Zuhura alimletea Bruno utumbo wa kuku kwenye kifuu cha nazi, akauweka chini na kurudi nyuma kama anayelisha mamba. Tena kaniuliza mbona mtoto ajikuna. Nampaka mafuta ya nazi, anaendelea vizuri.

Mama mwambie mwanawe hajafukuzwa popote. Shemeji mwalimu nampa mkono, na mjomba mwenye mbuzi pia. Simba mpeni mfupa, asijue kuna wenziwe wanaochanwa nywele.

Ni mimi nduguyo,
Mutua

Nilisahau: chumba chenyewe kinavuja.