Karatasi ya Mahudhurio

Jumatatu, 5 Mei

Daftari arobaini bado. Darasa la Sita B, Uraia na Maadili. Swali la kwanza: nani mwenye mamlaka ya juu katika nchi ya kidemokrasia? Wote wameandika wananchi. Nimeweka vema mpaka mkono umechoka.

Kurudi nyumbani nimekuta X nyekundu ukutani, kando ya dirisha la jikoni. Rangi bado mbichi. Kwa jirani yangu Bi Tatu ipo. Mstari wote wa nyumba zetu, hadi kwenye uzio wa yadi ya makontena. Waliopaka wameshaondoka.

Jumanne, 6 Mei

Nimeomba ruhusa, nimekwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti ni Shabani. Nilimfundisha kusoma. Nilimpigia debe, nikampigia na kura. Kanipa shikamoo, kanivutia kiti, kisha kanipa faili. Muhtasari wa mkutano: wakazi wameridhia kuachia eneo ili yadi ipanuliwe. Nyuma yake majina na sahihi zetu.

Mwandiko ni wangu.

Ni karatasi ya mkutano wa kugawa vyandarua. Shabani aliniomba niandike mahudhurio kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Niliandika majina na namba za nyumba. Juu kabisa paliachwa wazi. Alisema atajaza mwenyewe.

Sijui nimefikaje nyumbani.

Jumatano, 7 Mei

Nimewaambia majirani. Heri wangenitukana. Aliyesema ni Bi Tatu tu. Kazaliwa nyumba ile, kazalia mule mule.

"Mwalimu, si wewe uliyenishika dole gumba ukanibonyezea kwenye wino?"

Ni mie. Siku ile hata nilicheka.

Alhamisi, 8 Mei

Manispaa. Dirisha la kwanza likanipeleka la tatu, la tatu likanipeleka ghorofani. Dada mmoja mpole akasoma malalamiko yangu mpaka mwisho. Akasema hayapokelewi bila mhuri wa mtaa. Nikamwambia ninayemlalamikia ndiye mwenye mhuri. Akasema ananielewa. Akanirudishia karatasi.

Ijumaa, 9 Mei

Mada ya leo: aina za serikali. Neema, dawati la mbele, kanyoosha mkono. Kwenye ufalme mtu akionewa anakwenda wapi? Kwa mfalme, nikasema. Na kwa dikteta? Hana pa kwenda. "Na sisi, mwalimu?"

Kwa viongozi tuliowachagua.

Akaandika, neno kwa neno. Nilitamani kumnyang'anya kalamu.

Mchana mwalimu mkuu kaniita. Kapigiwa simu, hakusema na nani. Kanikumbusha kuwa mie ni mtumishi wa umma.

Jumapili, 11 Mei

Nimeandika tamko. Mistari sita. Tulisaini vyandarua, hatukusaini ardhi. Tunataka mkutano mkuu wa mtaa. Tukisaini wote hawawezi kujifanya hawajatuona. Nimepita nyumba zote tangu asubuhi.

Hakuna anayetaka kusaini. Wananikaribisha, wananipa maji, wanaficha mikono. Baba Jeni, fundi cherehani, hakunizungusha: "Mwalimu, kwa karatasi yako moja nimepoteza nyumba. Ya pili itachukua nini?" Bi Tatu hakufungua mlango. Nilimsikia akikohoa ndani.

Nimerudi na sahihi mbili. Yangu na ya mume wangu. Na yeye kasaini ili nisilie.

Jumanne, 13 Mei

Nimemzuia Shabani nje ya ofisi yake. Nimempigia kelele barabarani, watu wakinitazama. Sijawahi. Kanivuta pembeni.

"Mwalimu, muhtasari ulikuja umeshachapwa. Mie niliambiwa nilete majina tu. Ningekataa wangemtafuta mwingine."

"Ungemwachia huyo mwingine."

Akalia. Mtu mzima, kaunda suti, analia. Nilikuja kugombana na mwenye nguvu, nikamkuta huyu. Sasa niende kwa nani? Aliye juu yake simjui jina. Sikumchagua, siwezi kumwondoa, wala hajui kama nipo.

Alhamisi, 15 Mei

Ilani imebandikwa. Siku saba tuwe tumehama. Fidia itajulikana baadaye.

Sili. Usingizi hakuna.

Alhamisi, 22 Mei

Wamekuja saa mbili asubuhi. Tingatinga mbili, na polisi. Mume wangu alishang'oa bati na madirisha. Mie nimekwenda kusimama mlangoni. Nimesimama tu. Askari wa kike kanishika kiwiko. "Mama, nakuomba. Usinifanye nikushike vibaya."

Nikatoka. Najichukia kwa kutoka, na kama ningebaki ningejichukia vilevile.

Chumba cha watoto wetu, tuliowatanguliza kwa dada yangu, kimeanguka kwanza. Vumbi halijatulia wakawa wameshafika kwa Baba Jeni.

Ijumaa, 23 Mei

Sikwenda shule. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kitakuja mchana kutupeleka Madale, kwa dada yangu. Bi Tatu anamsubiri mwanawe wa Mbagala. Kaweka jiko la mkaa pale palipokuwa na sebule yake, kachemsha mihogo. Kaniita. Nikaenda kwa woga, nikakaa kwenye tofali.

Tumekula. Hakusema yamekwisha. Mie sikuomba radhi, maana nilishaomba mara nyingi mpaka neno lenyewe limepungua. Akauliza kama Madale kuna maji. Nikamwambia ya shida.

"Basi chukua ndoo hii yenye mfuniko. Mie ninazo mbili."

Nimeichukua. Nimeipakia kwanza, kabla ya vyombo vingine.