Usimsifu kwa Mnazi

Msambweni, 12 Februari 1956

Mpwa wangu Salimu,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima. Mama yako amepona kikohozi na ameanza tena kugombana na kuku. Nawe huko Kwale, afya na kazi ya ukarani vinakwendaje?

Kosa la watunzi wengi ni kudhani kwamba wakimfananisha mtu na mti, wasikilizaji watachukua uzuri wa mti peke yake. Wanauchukua mti mzima.

Jana nilikwenda Gazi kwa Mzee Boga kukuposea bintiye Mwanapili. Nilipowasomea shairi lako na kufika kwenye ubeti huu,

*Wewe mnazi wa pwani, mtamu usiokoma,*
*Asubuhi na jioni, utamu wako nagema,*

Bibi Esha, nyanya yake binti, akauliza nyuma ya pazia, "Anagema? Tangu lini, na ngazi kampa nani?"

Wanawake walicheka. Boga hakucheka. Ile ni nyumba isiyoingiza tembo wala pombe yoyote, Salimu. Tena kila mkulima anajua mnazi unaogemwa hauzai nazi. Umemwombea mchumba utasa, kwa mizani kamili.

Hawakukataa, wala hawakukubali. Wamenitaka nirudi na maneno mengine mwezi wa Shaabani ukiandama. Yasipofaa, basi.

Mjomba wako,
Abdulrahim

Kwale, 17 Februari 1956

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisoma nimefunika uso kwa faili.

Wallahi nilitaka utamu tu. Shuleni tulifunzwa kwamba simba ni shujaa na njiwa ni mpole, wala hapana aliyeuliza simba kala nini. Sasa nimwite nani, tausi? Sijapata kumwona tausi. Binti mwenyewe kasemaje? Nikimkosa Mwanapili kwa sababu ya mnazi, sitakunywa dafu tena.

Mpwa wako,
Salimu

Msambweni, 24 Februari 1956

Salimu,

Marahaba. Sote tu salama, na kuku pia.

Hapo Kwale yuko Shutu, mfuga mbuzi. Mwulize simba ni nani, atakwambia ni mwizi. Simba mwenyewe hana habari ya ushujaa wala wizi, ana njaa. Ushujaa tumemvika sisi, kwa kutafuta mahali pa kujitazama. Hiyo ni kazi njema ya watunzi tangu zamani. Lakini asiyeangalia hushika vazi tu, na mtu hayumo ndani.

Mwanapili nilimkuta siku ile ya posa akisuka ukili wa mkeka. Akaniambia, "Mjomba, huyo bwana kapata kuniona mimi, au kaona minazi? Kama kaniona, aseme siku gani."

Nakuachia hapo.

Mjomba wako,
Abdulrahim

Kwale, 6 Machi 1956

Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa mama. Nimechana karatasi nyingi. Shairi hili halina vina. Ukiona halifai, usilipeleke.

"Mwanapili, nilikuona mwaka jana, wakati wa mavuno, shambani kwenu. Tumbili aliiba hindi nawe ukamfukuza kwa mwiko, umejifunga leso kiunoni. Alipokwea mkorosho, mkatazamana. Yeye akatafuna, wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukamwambia, 'Haya, kula, lakini mkeo usimwambie.' Nilipita njia na baiskeli yangu. Tangu siku hiyo nataka nyumba yenye kicheko kile."

Mpwa wako mwenye hofu,
Salimu

Msambweni, 15 Machi 1956

Salimu, mwanangu,

Alhamdulillahi, wazima sote, na leo sauti imenikauka kwa maongezi.

Mwezi umeandama, nami jana nilikuwa Gazi. Niliposoma habari ya tumbili, Boga alitazama mkeka. Nikadhani tumeharibikiwa tena, kumbe mabega yanamtikisika kwa kicheko. Bibi Esha akasema, "Huyu kamwona." Vigelegele vikatoka chumbani.

Mwanapili anakuletea sahihisho. Anasema hakumhurumia tumbili hata kidogo. Alikuwa amechoka kukimbia. Anasema pia kwamba amekubali, na kwamba baiskeli yako ilikuwa ikilia kama bata, ndiyo maana alijua kuna mtu.

Nikaha ni Ijumaa ya wiki ijayo, kabla Ramadhani haijatuingilia. Nguo zako mama yako anazishona. Nawe siku utakayoipata barua hii, kabla ofisi haijafungwa, nenda kwa mkubwa wako ukaombe ruhusa.

Mjomba wako,
Abdulrahim