Ndoo Tatu za Maji ya Mfereji

Jumatatu, 2 Juni 2025

Barua yangu imesomwa redioni asubuhi. Yote, hadi pale nilipomwita Elirehema mpiga dawa wa mauti. Samaki wa wifi yangu Cresensia walikufa wiki iliyopita, perege mia nne, bwawa zima. Shamba la karoti la Elirehema liko juu, kwenye mfereji huohuo unaolisha bwawa. Nilihitaji ushahidi gani zaidi?

Mwenyekiti wa watumia maji amenipigia kunishukuru. Ijumaa watapiga kura Elirehema afungiwe maji.

Nilidhani nitafurahi. Nimelala mchana kweupe, na viatu miguuni.

Jumanne, 3 Juni

Elirehema alikuja. Hakufoka. Aliketi, akanywa chai, akasema barua imeandikwa vizuri, ila karoti zile hajazipiga dawa tangu Pasaka. Akifungiwa maji sasa zote zinakauka. "Nenda kaangalie, Mwalimu." Akaondoka.

Afadhali angenitukana. Matusi nayaweza.

Jioni kwa Cresensia. Majirani wanamtania — wazee wetu Wairaqw hawakuwa walaji wa samaki. Jirani yake Qamara amemwambia: "Shemeji, ulifuga nyoka wa maji, wamekufa, unalia nini?" Cresensia akacheka nao, kisha akaenda nyuma ya nyumba kufua nyavu ambazo hazina kazi.

Jumatano, 4 Juni

Ukungu hadi saa nne. Mikono imekufa ganzi.

Nimechota ndoo tatu. Ya kwanza juu ya shamba la Elirehema. Ya pili chini ya shamba lake. Ya tatu chini zaidi, baada ya karakana ya Modest, mwanafunzi wangu wa zamani, kabla maji hayajaingia bwawani. Kila moja vifaranga watano wa perege. Cresensia alikuwa amebakiza wachache kwenye tangi.

Saa saba: ndoo mbili za kwanza, wote wanaogelea. Ya tatu — walipanda juu kutweta, wakalala ubavu, wakafa. Nimewafungua matamvua, pale wanapopumulia. Ute mzito, kama makamasi ya mtoto.

"Wifi, hiyo ndoo si ulifulia?" Cresensia ameuliza.

"Nimeisuuza mara tatu."

"Basi isuuze ya nne."

Nimeisuuza. Maji mapya ya palepale, vifaranga wengine watano. Saa kumi, hakuna aliyebaki.

Si Elirehema.

Alhamisi, 5 Juni

Modest nilimfundisha fizikia. Leo anatengeneza vibao vya saketi vya uzio wa umeme wa sola, ule unaozuia tembo kule kando ya msitu. Miaka mitatu nimeandika kwamba tuache kununua takataka za nje, tuunde vitu vyetu. Mfano wangu ulikuwa yeye. Jengo lile alipewa kwa kelele zangu.

Amenionyesha kila kitu, kwa fahari. Kibao kilichopakwa shaba kinalazwa kwenye beseni la dawa ya kahawia. Dawa inakula shaba isiyotakiwa, inabaki mistari ya kupitisha umeme. Dawa ikichoka inageuka kijani. Anamwaga.

"Wapi?"

"Mferejini, Madam. Beseni moja tu kwa wiki. Maji yanaibeba."

Nikamweleza: shaba iliyoyeyuka, kiasi ambacho mtu anakunywa bila kujua, kinaziba pumzi ya samaki. Nimesoma hayo miaka mingi, kuhusu viwanda vya mbali. Kuhusu watu wengine.

Akalifunika beseni. Kisha: "Mama Felista mumewe alikanyagwa na tembo mwaka juzi. Leo analala usingizi kwa sababu ya kibao changu. Ukisema kesho mkutanini, hawataniambia nimwage pengine, Madam. Watanifungia karakana."

Halafu: "Naweka pipa leo hii. Sitamwaga tena hata tone. Wewe kesho nyamaza tu."

Nimebishana na wakuu wa wilaya watatu. Mwanafunzi wangu nimemuaga tu. Nimetembea nyumbani polepole.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika mkutanini, darasa la tano, dawati linanibana. Pipa la bluu nimeliona asubuhi nje ya karakana. Mvulana yule ni mkweli.

Mwenyekiti amesoma barua yangu upya. Ni barua nzuri. Wamepiga makofi palepale nilipokusudia wapige. Elirehema kofia yake iko magotini. Aliulizwa kama ana la kusema, akajibu keshasema kwa anayehusika. Hakunitazama.

Modest amesimama mlangoni, hakuingia.

Cresensia ananinong'oneza: "Umewaambia ya ndoo?" Bado. "Unasubiri nini, wifi? Mimi nilikuwepo, lakini mimi hawatanisikia."

Wanaotaka Elirehema afungiwe maji wanyooshe mikono. Mikono mingi. Mwenyekiti anapita mstari kwa mstari na kalamu yake. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Wa Cresensia haupo.

Amefika kwetu. "Madam Sabina, wako niuhesabu?"

Nimemwambia asubiri kidogo, naandika.