Mamba wa Nyarugasa

Kisiwani Nyarugasa, 4 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Hamjambo hapo Kibara? Mgongo wa baba unaendeleaje? Sisi wazima, ila hofu imetuingia. Simu huku haishiki, barua nampa Gody wa mtumbwi.

Mamba amemchukua jirani yetu Esta akichota maji. Wazee wamekataza mtu kukanyaga ufukweni mpaka wamwage ulezi na maziwa kwenye mwamba wa matambiko. Huku mamba hawamuuagi. Hata jina hawamtaji, wanamwita "mwenyewe". Lakini mume wangu Revocatus kasema, "Mwenyewe ndiyo nani? Namtega." Mama mkwe akamlilia. Revocatus hakusikia.

Mwanao, Sara

Kibara, 7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba anatembea kidogo. Barua yako imenikata miguu. Mwambie mkwe wangu awaache wazee wamalize yao. Sisi ni watu wa kanisa, lakini msiba wa watu unauheshimu. Na wewe na mimba hiyo usisogelee maji. Njoo Alhamisi ijayo na Gody, nitakungoja kivukoni Kisorya.

Mama yako

Nyarugasa, 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Revocatus amemnasa mamba mmoja, kwa ndoana na nyama ya mbuzi. Vijana wakacheza ngoma. Walipompasua, tumboni samaki tu. Mama mkwe akasema, "Huyu mtoto tu. Mwenyewe bado yumo majini." Akaingia ndani, hajala tangu hapo.

Leo asubuhi tumekuta mburuzo wa tumbo mchangani, mpana kama mkeka, umefika mpaka jikoni kwangu. Nakuja Alhamisi. Revocatus atanisindikiza.

Mwanao, Sara

Kibara, 16 Machi

Sara mwanangu,

Hujambo? Uko wapi? Alhamisi nimekungoja mpaka kivuko cha mwisho, Ijumaa tena. Wavuvi wanasema wameona mtumbwi unaelea mtupu. Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Hospitali ya Bunda, 18 Machi

Mama,

Shikamoo. Nipo hai, na mtoto anacheza tumboni. Simu imezama na namba yako sina kichwani.

Tulikuwa tunatoka kwenye matete, Revocatus nyuma anasukuma mtumbwi. Maji yakainuka. Akaniita mara moja tu. Gody alimpiga yule mnyama kwa kasia mpaka akamwachia, mtumbwi wetu ukatuponyoka. Boti ya wasamaria wema ikatufikisha nchi kavu, gari likatukimbiza huku. Mguu wa Revocatus wameukata.

Wazee wameshamwaga ulezi wao, na Revocatus anasema akipona tunarudi, kwao ni kwao. Mimi muuguzi akimimina maji kwenye beseni, naruka.

Njoo unichukue. Ila usinitume ziwani, mama, hata kuosha miguu.

Mwanao, Sara