Maji Mapya kwa Kila Kioo

Mama mpendwa,

Shikamoo. Leo asubuhi Profesa wangu ametazama kwenye hadubini, akainua kichwa, akasema, "Somoe, doa lako ni la kweli." Nimeanza na hilo kwa sababu najua barua yangu iliyopita ilikukosesha raha. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Mguu wako je? Na tangi la uani limepata mvua, au bado mnakwenda bombani?

Kazi yangu huku ni kutafuta kitu kidogo sana ndani ya nyama ya figo, iliyokatwa nyembamba na kubandikwa kwenye kioo. Kwa kuwa hakionekani, namwagia kingamwili, yaani askari wa damu anayekijua kitu hicho na kukishika. Tukitia rangi, aliposhika panakuwa na doa la kahawia. Lakini askari huweza kushika asichotumwa. Kumpima, unampa kwanza kipande cha kile anachokitafuta, kilichotengenezwa maabara, mpaka mikono yake ijae. Ndipo unammwaga juu ya nyama, na kioo cha pili unakipa askari mwenye mikono mitupu, cha kulinganishia. Doa la aliyejaa likitoweka, ni mkweli. Likibaki, anashika ovyo.

Unakumbuka ulivyosema juu ya jirani yetu Mama Shaibu kwenye foleni ya maji? "Ndoo imejaa tangu alfajiri na bado kasimama. Huyo hakuja kwa maji, kaja kwa maneno." Ni kipimo hicho hicho.

Nilipima mara mbili, doa likabaki. Bila kipimo hicho tasnifu yangu isingepokelewa, na ningerudi Newala bila shahada. Nikamwomba Morag, fundi wa maabara, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali, asimame nyuma yangu aangalie kila hatua.

Nilipofika kwenye kusuuza akanishika mkono.

"Vioo vya wenye mikono mitupu na vya waliojaa, unasuuzia bakuli moja?"

"Maji bado masafi."

"Masafi kwa macho. Wale wenye mikono mitupu wanabaki humo, wanahamia kwenye vioo vya wenzao. Kwani bomba letu limekauka?"

Nikamwambia la kwetu hukauka. Akacheka mpaka akakaa. "Basi huko kwenu ungepewa nishani. Hapa mwaga."

Nikamwaga, ingawa mkono ulisita. Wewe ulinilea kwa beseni moja: vyombo, kisha miguu, kisha mpapai. Sikujua kwamba nimeyabeba hayo hadi maabara.

Jana tukarudia, kila kundi na bakuli lake. Kioo cha askari mwenye mikono mitupu kilipata doa. Cha pili kilibaki cheupe kabisa. Hicho ndicho alichotazama Profesa leo. Usiku huu nitalala.

Kaka Issa ameandika kwamba wanunuzi binafsi wa korosho sasa wanafika hadi Chiwata. Mwambie nimefurahi, ila asiuze zote kwa wa kwanza kubisha hodi. Nisalimie shangazi wa Chiwata na mjomba fundi baiskeli. Mama Shaibu naye msalimie, lakini usimsomee sehemu yake.

Jumatatu saa tatu asubuhi narudia kipimo mbele ya Profesa, mara ya mwisho kabla ya kuandika. Maji nitamwaga mwenyewe.

Mwanao,
Somoe