Nilichoandika kwa kitabu cha Joan

Esnah uko? Nimefanya kitu mbaya.

Si unajua Joan, msichana wa uinjinia anayekaa kwangu akifanya atachimenti, yale mafunzo ya kazi ya chuo, kiwanda cha chai. Ana kitabu ambacho fundi mkuu huandika maoni kila wiki. Jana nilikipata wazi mezani, nikaandika hapo pa maoni ya fundi, "Anafunga nati vizuri lakini ugali wake una madonge." Nilidhani Joan ataona tucheke.

Hakuona. Leo mwalimu wake wa chuo amekuja kumkagua, akakisoma hapa sebuleni kwangu. Madonge, Esnah. Ameyasoma kwa sauti.

Akamwambia, "Joan, kesho watu watasimama karibu na mashine kwa sababu wewe umetia sahihi kwamba ni salama. Na unaleta mzaha? Utarudia miezi yote mitatu."

Joan akaniangalia. Mwandiko wangu anaujua.

Akasema, "Ni makosa yangu, mwalimu. Singeacha kitabu wazi."

Na mimi nimesimama hapo na birika. Nikamwongezea mwalimu chai.

Mwalimu alipotoka kwenda kiwandani, Joan akanipokea birika mkononi, akasema, "Keti mama, umechoka."

Esnah, hiyo ndiyo inaniuma. Gari ya mwalimu bado iko kiwandani. Navaa viatu.